Kibao cha Sisimizi

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mtoto mdogo ameshaota meno? Nauliza kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata ukitaka kumrukia mtu shingoni, kwanza umjulie hali. Basi nimekujulia. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini kazini anaingia kila asubuhi. Mvua zimekatika. Salamu zimeisha.

Binti yako yuko hapa kwangu. Hajaibiwa, hajarubuniwa, na hakuna aliyemtorosha. Jana ulimpigia shemeji yako ukamwambia utatuletea polisi, kisha ukamwita “fundi makabati asiyejua thamani ya elimu.” Alikusikiliza mpaka mwisho, akakuaga kwa heshima, akarudi kupiga randa. Mimi sina subira ya mume wangu, na wewe unajua. Mwambie huyo polisi wako akija avae nguo za kazi, humu ndani kuna vumbi la mbao.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikilizi. Unangoja mtu avute pumzi, wewe upenyeze maneno yako. Nesi jirani yetu anarudi huko ng’ambo keshokutwa, atakukabidhi bahasha hii mkononi. Kaa chini uisome yote.

Ulipomleta binti yako, ulimshusha mlangoni na masanduku yake, ukaniambia, “Dada, msaidie masomo tu, mengine usihangaike nayo.” Hukunywa hata maji. Nikamezea, nikasema mnakimbilia ndege. Lakini neno “mengine” lilinikaa kooni, kwa sababu mimi nimefundisha sayansi nusu ya umri wangu na bado sijui masomo yanaishia wapi na hayo mengine yanaanzia wapi.

Hayo mengine ndiyo haya. Shemeji yako akimaliza kazi za wateja alasiri, nusu ya karakana inakuwa ya watoto. Nilianzisha jambo hili kwa hasira. Nilikuwa na darasa zima lililoweza kukariri aina za nyenzo bila kukosea, lakini msumari ulipochomoza kwenye dawati, hakuna hata mmoja aliyejua kuung’oa. Walikuwa wanaufunika kwa daftari ili usiwachane. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu anipe upande mmoja wa karakana. Hakuuliza maswali, alisogeza mbao.

Watoto wa mtaa wakaanza kuja. Wa miaka mitano yumo, wa miaka kumi na mitano yumo, na siwagawi kwa madarasa. Aliyejifunza jambo jana ndiye anayemfundisha wa leo, awe mkubwa au mdogo. Na mkubwa haruhusiwi kumfanyia mdogo kazi ambayo mdogo anaiweza, hata kama mdogo anachukua mchana mzima. Kanuni zangu ni hizo. Nyingine wamejitungia wenyewe, na wanazisimamia kwa ukali kuliko mimi.

Binti yako siku ya kwanza alisimama mlangoni amebana pua. Wakampa mwalimu wa kumfundisha kukaza skrubu: mtoto wa muuza mitumba, wa miaka saba, ana pengo mbele. Binti yako akanigeukia.

“Shangazi, mimi nifundishwe na huyu?”

Yule mdogo hata hakuinua uso. “Hukazi hapo, unafungua,” alimwambia. “Geuza.”

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti yako akatoa maelezo marefu kwamba kwa kawaida anatumia mkono mwingine, kwamba skrubu yenyewe imekwisha meno, kwamba mwanga hautoshi. Kuanzia hapo wakambatiza Wakili.

Sitampaka rangi. Alikuwa mkorofi. Aliwaita wadogo “nyinyi vitoto,” aliwanyang’anya vifaa mikononi, na akikosolewa alikuwa ananuna kutwa. Kiburi kile sikuhitaji kuuliza kimetoka kwa nani. Alikuwa na ugomvi wa kudumu na kijana wa mziba pancha, yule mrefu wanayemwita Ngazi, ambaye naye si malaika. Ngazi alimfichia futi ya kupimia, yeye akamwagia Ngazi gundi kwenye kiatu. Mara ngapi nimewatenganisha nimesahau. Lakini alikuwa anakuja kila siku, na hakuna aliyemlazimisha. Hilo wewe hukuwahi kuniuliza.

Watoto wakakubaliana watengeneze meza moja ndefu ya kufanyia kazi za shule, kwa sababu wengi wao kwao ni chumba kimoja, na meza ni hiyo hiyo ya vyombo. Wakagombana wee juu ya urefu wa miguu. Ikiwa ya wakubwa, wadogo wanafikisha pua tu. Ikiwa ya wadogo, Ngazi anakunja magoti mpaka kidevuni. Aliyetatua ni binti yako. Alisema meza iwe moja, ila mabenchi yapishane kwa urefu, wadogo wakae juu zaidi, ili vichwa vyote viwe sawa. Shemeji yako aliweka patasi chini akamtazama. Mimi nilijivuna kana kwamba nimemzaa mwenyewe. Nilitaka kukupigia siku ile. Nikakumbuka ungeniuliza ameshika nafasi ya ngapi kwenye mtihani.

Sasa nakuja kwenye yale unayodhani unayajua.

Mdogo kuliko wote pale anaitwa Sisimizi. Ana miaka mitano, mama yake anafua nguo hotelini. Kazi yake ilikuwa kuokota misumari iliyoanguka, na kumfuata binti yako nyuma kila anakokwenda. Siku moja binti yako alikuwa na haraka ya kukata ubao wa benchi. Jiliwa la kubania ubao lilikuwa na mtu mwingine. Badala ya kungoja zamu yake, alimwambia Sisimizi, “Shika hapa, usitikisike.” Mtoto wa miaka mitano! Msumeno ukaruka, ukamchana kidole.

Tulimkimbiza zahanati, akashonwa. Kidole kipo, kinakunjika, kitabaki na kovu. Nilikwenda kwa mama yake nikapiga magoti, na jinsi alivyonitazama sitakuelezea kwenye barua.

Shemeji yako alipouliza imekuwaje, binti yako alisema kwa uso mkavu, “Alichezea msumeno mwenyewe.”

Nikaamini. Tukaamini wote. Kesho yake Sisimizi akaja na bandeji yake, na watoto wakakaa duara kama wanavyofanya kukitokea jambo. Mimi na shemeji yako tukakaa nje ya duara, tunasikiliza tu. Wakaanza kumgombeza Sisimizi kwa kuchezea msumeno. Yule mtoto akatetemeka mdomo.

“Mimi sikuchezea,” akasema. “Aliniambia nishike.”

Binti yako akaanza hoja zake, jiliwa lilikuwa limechukuliwa, Sisimizi mwenyewe alitaka kusaidia, kisha akatikisika. Aliongea peke yake muda mrefu. Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyecheka. Mwisho maneno yakamwishia. Akatazama sakafu.

“Nilimwambia ashike,” akasema. “Nikadanganya.”

Ngazi alikuwa na kila sababu ya kumkandamiza. Nilimwona anafungua mdomo, nikajiandaa. Akasema, “Mimi niliona. Nilikuwa na jiliwa, nikafanya makusudi kuchelewa ili akasirike.” Basi wakawa wawili wa kutazama sakafu.

Unataka kujua hukumu uliyonitukania? Ni hii. Binti yako asishike msumeno mpaka Sisimizi mwenyewe aseme yuko tayari kumshikia ubao tena. Aliyetoa wazo ni yule wa pengo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefukuzwa. Ngazi alipewa kumsomesha Sisimizi namba mpaka kidole kipone. Mimi mwenye cheti cha ualimu nisingewaza adhabu ya haki kama ile.

Kisha binti yako akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Aligundua Sisimizi akikaa kwenye benchi refu miguu inaning’inia, inakufa ganzi, anashindwa kutulia kusoma. Akaamua kumtengenezea kibao cha kukanyagia, chini ya benchi. Alikipima, akaupiga msasa ubao wake, akakichora juu yake. Ilibaki kukata tu, na kukata ndiko alikokatazwa. Kila alasiri alikuwa anakaa mbele ya ule ubao, anamngoja Sisimizi. Na Sisimizi kila alasiri anapita mbali.

Ilimwuma. Ilipomwuma sana akakupigia akilia kwamba wamemtenga. Mtoto akilia humkata maini mzazi, hilo nalielewa. Lakini hukuuliza amefanya nini. Hukuuliza kuhusu kidole cha mtoto wa mwenzio. Ulinitumia sauti ya kunitukana ambayo ninayo mpaka leo. “Umemgeuza mwanangu mtumwa wa watoto wa mtaani.” Mtaani ni wapi, mdogo wangu? Wewe na mimi tulikulia wapi, ikulu?

Ukamtuma binamu yetu, yule wa kampuni ya bima. Alikuja na gari na miwani yake ya jua, akasimama katikati ya karakana, akaongea kwa sauti ili kila mtoto asikie. “Baba yake anasema hapa si mahali pa mtoto mwenye akili.” Watoto wote walikuwepo. Msichana wa pengo alikuwa ameshika bisibisi, akaiweka chini taratibu, kana kwamba ameambiwa si yake. Kwa sentensi hiyo moja sijakusamehe, na sina haraka.

Binti yako akasema, “Anko, sijamaliza.”

“Utamalizia shule ya bweni.”

“Nipe kidogo tu.” Akaenda mpaka kwa Sisimizi, akachuchumaa. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka, hakujali nani anaona. “Naondoka leo. Utanishikia?”

Sisimizi akamtazama, akatazama ule ubao. Ana miaka mitano, hajui kusema uongo wa adabu. Akasema, “Bado.”

Binti yako akaitikia kwa kichwa. Akaingia garini bila kupiga kelele.

Ndicho ulichofanya. Ulidhani unamwokoa na aibu. Ulimwondoa kabla hajasamehewa, ukampeleka mahali ambapo hawezi hata kuomba. Mtoto alikuwa anajifunza jambo ambalo wewe mtu mzima hulijui, kukaa na kosa lako mpaka yule uliyemkosea awe tayari. Wewe ukikosea unahama nchi.

Kule bwenini muhula mzima hakuniandikia. Jana asubuhi nafungua mlango, amesimama na begi la shule na sare imejaa vumbi la safari. Alikuwa amepanda basi peke yake. Nilimfokea kwanza, nikamkumbatia baadaye, au labda vyote kwa pamoja. Nikapiga simu shuleni nikawaambia yuko salama. Wao ndio waliokupigia wewe, na wewe ukaanza habari za polisi.

Hakutaka chai. Akaenda moja kwa moja karakana. Meza ilishakamilika, mabenchi yote yapo, isipokuwa kile kibao. Ngazi alikiweka juu ya rafu na akakataza mtu yeyote asikiguse, hata shemeji yako alipotaka kukimalizia akakatazwa. Binti yako akakishusha, akakibana kwenye jiliwa, msumeno akauacha pembeni, hakuugusa. Akangoja.

Sisimizi akazunguka. Akaokota misumari ambayo haikuwepo. Akazunguka tena. Watoto wengine wakajifanya wanafanya kazi, lakini hakuna nyundo iliyolia. Mwishowe akaja, akashika ncha ya ubao kwa mikono miwili, na lile kovu lake likionekana waziwazi.

“Polepole,” akamwambia.

Binti yako akakata polepole. Sisimizi hakufumba macho. Aliyefumba ni mimi. Nilipofumbua, kipande kilikuwa chini, na Sisimizi anauliza kama sasa anaweza kukaa.

Mdogo wangu, jana jioni nilikuwa nimejifunga kibwebwe. Nilimwambia shemeji yako kwamba mtoto huyu harudi bwenini, na kama unataka mahakama, twende mahakamani, nitauza hata kitanda. Nilimwandalia chumba chake, nikamtandikia. Leo asubuhi akanifuata jikoni.

“Shangazi, kesho nirudishe shule.”

Nikadhani anakuogopa wewe. Nikaanza kumwambia asiogope, nitasimama mbele yake. Akatikisa kichwa.

“Si baba. Kuna mtoto.”

Akanisimulia. Kule bwenini wakubwa wanawafulisha wadogo nguo, wanawachotesha maji, na anayekosea anasimamishwa mbele ya wote achekwe. Kuna msichana mdogo kuliko wote, amefika muhula huu, anakojoa kitandani. Wakubwa walikuwa wanamtembeza bwenini amebeba godoro lake kichwani. Shule uliyomchagulia kwa sifa zake zote, ndiyo hiyo. Basi binti yako huamka kabla ya wengine, wanalitoa godoro wote wawili nje nyuma ya jiko, linapata jua, na hakuna anayejua. Si kwamba anamtolea. Wanashika huku na huku, kila mtu upande wake. Na baadhi ya wale wa madarasa ya katikati wameanza kusaidia kulinda mlango.

“Sikumwambia kama naondoka,” akasema. “Nilitoka tu. Leo asubuhi godoro amelibeba na nani?”

Niligeuza uso nikajifanya moshi umeniingia machoni, na jiko lenyewe ni la gesi.

Kwa hiyo kesho nitampeleka mwenyewe, na mkuu wa shule nitaonana naye uso kwa uso. Ana maelezo ya kunipa kuhusu usiku na asubuhi za bweni lake, na mimi si mzazi wa kupewa soda nikaondoka. Ngazi amempa binti yako futi ile ile waliyogombania, akajitia hamnazo kana kwamba haitaki tena.

Usijipongeze. Najua utasoma hapo kwamba anarudi, utatabasamu, utamwambia mkeo, “Si nilisema.” Hukusema kitu. Harudi kwa sababu ulimpeleka. Anarudi kwa sababu kuna mtu anamngoja, na hilo hukumfundisha wewe. Mimi nilitaka kumbakiza, nikashindwa, na aliyenishinda si wewe.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie sina neno naye. Mbusu mtoto mdogo shavuni. Binamu wa bima akikupigia, mwambie asinisalimie kwanza, nitamwambia nikiwa tayari. Shemeji yako anakusalimu, kwa hiari yake, sikumwagiza. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupunguzie mdomo akuongezee masikio.

Ombi langu kwako ni moja. Jumapili ijayo ukimpigia binti yako, usimuulize amekuwa wa ngapi. Muulize kama godoro limekauka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa leo sina hamu nawe hata kidogo.